Naomba ushauri: fosa wa Madagaska tumwiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Naandika kijitabu cha wanyama kwa watoto wa darasa la nne, nimekwama kwa mnyama mmoja: fosa wa Madagaska.

Ukimwona utaapa ni paka. Uso mfupi, makucha yanayorudi ndani nusunusu, mkia unaokaribia urefu wa kiwiliwili. Juu ya mti ndiyo fundi hasa: hushuka kichwa kikitangulia, kwa kuwa vifundo vya miguu ya nyuma vinageuka. Huko juu huwinda lemuri, wale wanaofanana na komba wetu. Basi nikaandika "paka mwitu". Kumbe si paka! Wataalamu waliwahi kumweka kwa paka, wengine kwa ngawa, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba yeye na wanyama wengine wa asili walao nyama wa kisiwa kile wana babu mmoja, na ndugu zao wa karibu ni nguchiro.

Sasa nguchiro wa kilo 8 mtoto atamwelewaje? Nguchiro anayemjua yeye ni yule mwizi wa vifaranga.

Naelekea kubaki na "fosa". Ila Wamalagasi huandika fosa wakatamka kama "fusa", maana o yao ni u yetu. Nifuate maandishi au sauti? Walimu wa Kiswahili, na mliowahi kuishi Mahajanga kule Madagaska, nisaidieni. Mchoraji ananisubiri, na nilishamwambia achore paka.