Ushauri: Fulana tunazofunga na kutia rangi nyumbani zinachuja na nyeupe inageuka waridi

Mama Mapacha
Habarini wakuu. Likizo hii tunatia rangi fulana nyumbani na wanangu (miaka 6, 9 na 13), zile za kufunga kwa rababendi. Zikitoka zinapendeza, zikifuliwa mara ya pili zimepauka na sehemu nyeupe zimegeuka waridi. Rangi ni ya unga, ya pakiti ndogo. Maelekezo ya dukani ni kuchemsha na chumvi kisha kuloweka kwenye siki. Lebo ya fulana inasema pamba 60, poliesta 40. Naomba kujua: kosa liko kwenye rangi, kitambaa au siki? Rangi ipi inafaa watoto wakiwepo? Na hizi zilizoharibika zinaokoleka? Tuko Iringa, kama baridi ina maana.

Kijiko cha Rangi
Dada, vyote vitatu vinachangia, ila kubwa ni rangi yenyewe. Rangi ya kuchemsha na chumvi hujishikiza tu kwenye nyuzi za pamba, haiungani nazo. Kila ukifua inaachia kidogo, na inayoachia inahamia kwenye nyeupe. Siki ni ya hariri na sufu zikitiwa rangi za asidi. Kwenye pamba haishikilii chochote, hata uloweke usiku kucha.

Halafu ile poliesta 40 haipokei rangi za pamba kabisa, kwa hiyo hata ukipata rangi nzuri fulana itaonekana imefifia. Usiamini lebo peke yake. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo uziwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tafuta pamba tupu, au marekani nyeupe mshone wenyewe. Kabla ya kufunga, fua kwa maji ya moto na sabuni bila kutia dawa ya kulainisha nguo, maana kitambaa kipya kina wanga unaozuia rangi.

Kwa watoto tumia rangi za riaktivu za maji baridi, kama Procion MX. Familia hii ya rangi ilitoka Uingereza mwaka 1956. Inaungana na pamba yenyewe kikemikali, mradi kuwe na soda eshi, ile ya watengeneza sabuni ya maji. Vipimo ni hivi:

Soda: gramu 300 kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu. Loweka fulana dakika 20, kamua kwa nguvu. Iwe na unyevu bila kudondosha maji, ikitiririka rangi zitakimbiliana. Maji ya soda usiyamwage, yanatumika tena kwa fulana nyingine.

Rangi: vijiko 2 vya chai kwa kikombe cha mililita 250, nyeusi vijiko 4. Koroga kwanza uji mzito kwa maji kidogo, ndipo uongeze, la sivyo utaona madoadoa ya unga ambao haukuyeyuka. Usitie soda ndani ya chupa ya rangi. Ukitia, rangi inaanza kuungana na maji badala ya pamba, na baada ya saa chache inakuwa dhaifu.

Mzee wa Nta
Hizo rangi za chupa nzuri, lakini huko mikoani si rahisi kuzipata. Batiki zetu miaka yote ni rangi ya unga ya vati (si ile ya kuchemsha na chumvi), kostiki (soda kali ya watengeneza sabuni ya mche) na haidrosulfaiti, unga unaofanya rangi hiyo iyeyuke majini. Hiyo haichuji jua wala sabuni. Kwa kitambaa cha mita 4: maji ya moto lita 10 kwenye ndoo, yasichemke, yawe kama nyuzi 55. Kostiki gramu 80, rangi gramu 20 hadi 30 kutegemea unavyotaka ikoze, haidro gramu 80 mwishoni. Koroga taratibu bila kuingiza hewa, funika dakika 10. Zamisha kitambaa dakika 20, kisichungulie juu ya maji. Ukikitoa kitakuwa na rangi nyingine kabisa, usishtuke. Kianike kivulini, hewa ndiyo inairudisha rangi yake mbele ya macho yako. Hapo ndipo watoto wanapopenda.

Kijiko cha Rangi
Shikamoo mzee. Vipimo vyako ni sahihi na rangi hiyo ni imara kuliko zote, sina ubishi. Ila mtoto wa miaka 6 hapaswi kuwa karibu na ile ndoo. Kostiki inaunguza ngozi na ikiruka jichoni inapofusha. Mama Mapacha akiamua njia hiyo, afanye yeye na huyo wa miaka 13 tu, wote na glavu ndefu na miwani. Wadogo wafunge vitambaa na kuangalia kwa mbali rangi ikigeuka.

Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: marufuku sufuria ya aluminiamu. Kostiki inaitafuna, inatoa gesi inayoshika moto, na sufuria yenyewe inatoboka. Ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha enameli kisicho na mikwaruzo. Kostiki inayeyushwa kwanza ndani ya maji baridi pembeni, ndipo iingie kwenye ndoo ya maji ya moto; kamwe usimwagie maji juu ya kostiki. Haidro ikae kwenye kopo kavu lililofungwa, ikipata unyevu inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Mzee wa Nta
Marahaba. Hilo la sufuria nakubali, liandikwe kwa herufi kubwa.

Mama Mapacha
Asanteni sana. Naelekea kwenye riaktivu. Nikikosa soda eshi, magadi ya kupikia maharage yatafaa? Na jinsi ya kufunga ule mduara, wetu unatoka kahawia katikati.

Mkemia wa Jikoni
Dada, magadi ghafi ni mchanganyiko wa kaboneti (ndiyo soda eshi yenyewe) na bikaboneti, pamoja na mchanga na chumvi. Ukiyatumia hivyo, rangi itashika lakini hafifu, kwa sababu bikaboneti inashusha ukali unaotakiwa. Yasage, yakaange makavu kwenye kikaango cha chuma, moto wa wastani, dakika 40 hivi ukigeuza. Bikaboneti inageuka kaboneti. Yeyusha, acha yatulie, chuja kwa kitambaa. Ukipata soda eshi safi, nunua hiyo, itakuokolea kuni.

Kahawia inatokana na rangi zinazouana kukaa jirani: nyekundu na kijani, bluu na chungwa, njano na zambarau. Panga manjano, chungwa, nyekundu. Au bluu, zambarau, waridi. Tandaza fulana ikiwa na unyevu, bana kitovu cha mduara kwa uma, zungusha huku ukisukuma mikunjo ibaki chini isipande juu. Ipate umbo la chapati nene ya sentimita 3 au 4. Rababendi 3 zikipishana katikati zinatoa vipande 6. Mimina rangi kwenye kila kipande, kisha fungua mkunjo mmoja kwa kidole: ukiona nyeupe tupu ndani, ongeza. Geuza, rudia upande wa pili kwa mpangilio uleule.

Rangi zitie kwenye chupa za tomato sosi zenye pua. Msitumie chupa za maji ya kunywa wala za soda, rangi nyekundu ndani yake mtoto wa miaka 6 ataiona juisi. Kupima unga ni kazi ya mtu mzima mwenye barakoa, vumbi lake linaleta mzio wa kifua.

Kijiko cha Rangi
Nimalizie kwa Iringa. Funga kila fulana kwenye mfuko wa plastiki ili isikauke, ikikauka kazi ya rangi inasimama. Dar muda wa saa 8 hadi 12 unatosha. Kwenu Juni na Julai acha saa 24, tena karibu na jiko, kwani chini ya nyuzi joto 20 inakwenda polepole sana.

Kusuuza ndiko kunakoharibu nyeupe za watu. Anza na maji baridi fulana ikiwa bado imefungwa, mpaka soda iishe na utelezi uondoke. Fungua, suuza tena baridi. Ndipo maji ya moto kabisa na sabuni, mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke meupe. Ya moto ndiyo yanayotoa rangi iliyobaki bila kushika. Usiziache zimelala zikiwa zimelowa kwenye beseni moja.

Zile zilizogeuka waridi: fua kwa maji ya moto mpaka ziache kutoa rangi, halafu zifunge upya na kutia bluu iliyokoza. Klorini usitie, inadhoofisha pamba na poliesta haitabadilika.

Mama Mapacha
Nyuzi za mshono mabegani zimebaki nyeupe kabisa. Hizo nazo?

Mzee wa Nta
Uzi wa cherehani ni poliesta, mama. Ukishona mwenyewe, mwambie fundi atumie uzi wa pamba, utapokea rangi pamoja na nguo.