Propati za kontroli yako zionekane kwenye dizaina: WinForms, Lazarus au Qt?

fundibit: Wakuu, nina kontroli yangu (kijisanduku cha kwenye fomu) ya kuingizia pesa, ina propati (sifa) tatu: Sarafu, KiwangoCha­Juu na RangiYaOnyo. Nataka mtu akiiburuta kwenye fomu abadilishe hivyo vitu hapohapo kwenye dirisha la propati la dizaina (sehemu ya kuchorea fomu) bila kugusa kodi. Ipi haina presha?

dada_kompaila: WinForms, ile ya C# ya Microsoft, ndo mteremko. Propati ikiwa public yenye get na set inatokea yenyewe, Category inaipeleka kwenye kundi lake, Description inatoa maelezo pale chini, usiyotaka ionekane ipige Browsable false. Sarafu ukiifanya enum (orodha ya chaguo maalumu) unapata menyu ya kuchagua bure kabisa. Ila kwenye .NET 9 usishtuke bildi ikigoma na kosa la WFO1000, inataka useme wazi propati ihifadhiwe vipi.

mzeewapascal: Lazarus, ile ya Pascal, nayo iko poa kijana, toa propati kwenye public weka published, basi, Object Inspector (dirisha lake la propati) inaiona. Kinachochosha ni kwamba kontroli inakaa kwenye pakeji na IDE (programu ya kuandikia kodi) yenyewe inajikompaili upya, kila ukigusa kitu unasubiri, bandika chai kabisa.

fundibit: Mzee nimejaribu, nimeandika `default 500` kwenye kiwango cha juu, nikiweka 500 kwenye inspekta nikasevu, nikifungua fomu tena inasoma 0 😭

mzeewapascal: Hahaha karibu chamani. `default` haiweki thamani yoyote, inaiambia dizaina tu kwamba ikikuta 500 isihangaike kuiandika kwenye .lfm (faili la fomu). Kwa hiyo haikuandikwa, na konstrakta yako (kodi inayounda kontroli) haijaweka kitu, ndo unaona 0. Weka 500 kwenye konstrakta.

dada_kompaila: DefaultValue ya C# ni yaleyale, mi ilinilia siku nzima.

kijana_wa_qt: Qt, ile ya C++, andika Q_PROPERTY (tangazo la propati) yenye READ na WRITE, lakini ukiishia kupromoti wijeti tu (kuweka kontroli ya kawaida na kutaja klasi yako iichukue nafasi), Designer, yaani dizaina ya Qt, inakuonyesha propati za klasi mama, zako huzioni mpaka utengeneze plagini, na plagini yenyewe iendane na Qt na kompaila iliyojenga hiyo Designer. Yangu ilikuwa inaonekana kwenye Designer ya pembeni, ndani ya Qt Creator haipo, nikadhani nimerogwa. Kama huhitaji Linux usijitese.

fundibit: Ofisini wote Windows, naanza na WinForms. Dada, hiyo WFO1000 naizimaje?

dada_kompaila: Usiizime, weka DefaultValue 500 juu ya propati, na 500 uiweke pia kwenye fildi yenyewe, usisahau tena 😂