Tupeane uzoefu: gia za gari lako zinakubeba au zinakuangusha?

#1
Wakuu habari za leo. Mtu akitaka kununua gari swali la kwanza ni cc ngapi, la pili linakula mafuta kiasi gani, gia haulizi mtu. Wakati magari mawili yenye injini ileile kabisa yanaweza kuachana mlimani kwa sababu tu meno ya giaboksi na difu (boksi la meno kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu) yamepangwa tofauti. Uzi huu tuongelee gia tu, kila mtu na aliyoyaona barabarani.

Naanza na Toyota IST yangu ya 1.5, otomatiki ya gia nne. Hesabu zake ziko hivi: namba moja 2.847, mbili 1.552, tatu 1.000, nne 0.700. Yaani ukiwa namba moja injini inazunguka karibu mara tatu ndipo shafti ya kutokea kwenye giaboksi izunguke mara moja, na nguvu ya kuvuta inazidishwa hivyohivyo. Injini inatoa Nm 141 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye rpm 4,200 (mizunguko kwa dakika), namba moja inakuwa kama 400 kabla hata haijafika kwenye difu, namba tatu inabaki 141 ileile, namba nne inashuka mpaka 99. Sasa njoo mlima Kitonga, umetoka Ruaha Mbuyuni unaitafuta Ilula, mko watu wanne na mizigo. Ukiacha D gari linaingia tatu linazidiwa, linarudi mbili linanguruma, likipata mwendo kidogo linaingia tatu linazidiwa tena, ndivyo hivyo mpaka juu. Shida ni pengo la mbili na tatu, mshale wa rpm ukiwa 3,600 namba mbili, ikiingia tatu unaanguka 2,300 na huko hiyo injini haina kitu. Mimi kabla ya kona ya kwanza natoa D naweka 2, mshale unatulia karibu na 4,000, linapanda bila kuhangaika. Kelele isikutishe, injini imetengenezwa kufanya kazi hapo.

#2
Sisi wa malori gia ndiyo kazi yenyewe mkuu. Naendesha semi, ikijaa ni tani 56 gari na mzigo. Boksi letu lina low (gia nzito) na high (gia nyepesi) halafu kuna splita ya nusu gia, kwa hiyo gia zimekaribiana, ukipanda moja mshale unashuka kidogo tu na injini haitoki kwenye nguvu yake. Ndiyo maana lori linapanda pole pole lakini halikwami. Ila lazima upangue mapema, ukisubiri mpaka injini ianze kugugumia umechelewa, ukikosa gia hapo gari linasimama na kuliondoa na tani zote hizo mlimani ni kuunguza klachi.

Kushuka ndiko kunakoua. Wakongwe walitufundisha teremka na gia ileile ambayo ungepandia. Gia nzito inalishikilia gari, unaongeza egzosi breki (inaziba njia ya moshi ili injini ilizuie gari), mguu unagusa breki kidogo unaachia. Anayeshuka na frii (gia imetolewa) amebaki na breki peke yake, ngoma zinachemka, lining zinaacha kushika, upepo kwenye mitungi umejaa na gari halisimami. Vijana wa gari ndogo mkituona tunashuka kwa mwendo wa kutembea msitupigie honi jamani, tunawalinda na nyie.

#3
Naunga mkono hapo kwenye frii. Kuna wanaoshuka frii wakijua wanaokoa mafuta. Gari la EFI (mafuta yanapimwa na kompyuta) ukiachia mguu ukiwa kwenye gia, nozeli zinaacha kumwaga mafuta kabisa maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia frii injini inadai mafuta ya sailensi (kuunguruma bila kukanyagwa) ili isizime. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi na breki umejinyima.

#4
Mimi ni wa Prado. Nilitoa tairi 265/65R17 nikafunga 285/70R17, muonekano safi sana, ila gari likawa zito kuondoka na namba ya mwisho ikawa haitaki kukaa hata kwenye kilima kidogo. Ukipiga hesabu tairi mpya ni ndefu kwa asilimia 7, ni kama umebadilisha difu bila kuligusa. Na spidomita nayo inadanganya, ikisoma 100 wewe uko kwenye 107, kwa hiyo kwenye 50 za vijijini kaeni macho na tochi za trafiki za kupima mwendo.

#5
Mimi ni Suzuki Jimny mpya manyuo (gia za mkono). Namba moja 4.425, low ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) 2.002, difu 4.090, zidisha zote unapata kama 36. Injini inazunguka mara 36 gurudumu mara moja! Ndiyo maana kainjini ka 1.5 kanapanda njia za matope za Lushoto huko ndani kabisa mguu ukiwa hata haujagusa mafuta. Lakini lami ya Segera kuja Chalinze namba tano yake ni 1.000, haina overdrive (gia ya kupunguza mizunguko ya injini ukiwa kasi), kwenye 100 injini inalia na mafuta yanakwenda. Kila gari na kazi yake.

#6
Wenye 4WD (magurudumu yote manne yanavuta) mkinunua difu la mtumba hesabuni meno kwanza. Pikapu yangu ilifungwa difu la nyuma la gari lingine, fundi akasema ni lilelile. Kwenye 2WD halina neno, nikiweka 4WD kwenye sehemu kavu linakaza kama limeshikwa breki na kwenye kona linagonga. Kuja kufungua, mbele krauni (gia kubwa ya difu) ina meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 10, ambayo ni 4.1, nyuma krauni 43 pinioni 11, hiyo ni 3.9. Magurudumu ya mbele na nyuma yanagombana na transfa iko katikati inaumia.

Huhitaji kufungua kujua. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka stendi, gia iwe frii, chora alama ya chaki kwenye propela (shafti inayoingia kwenye difu) na kwenye tairi, zungusheni tairi zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwingine anahesabu propela. Ikizunguka nne na kidogo ni 4.1, ikiwa haijafika nne ni 3.9. Halafu fanya hivyohivyo mbele, habu (zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) zikiwa zimefungwa lock.