Nataka kwenda Amazon ya Brazil kivyangu bila kampuni ya utalii, nianzie wapi?

Mtembezi Huru
Wakuu heshima kwenu. Siku nyingi nina hamu ya kuuona msitu wa Amazon na sasa nimeamua kwenda kweli. Sitaki vile vifurushi vya kampuni vya kubebwa toka asubuhi mpaka jioni kwa ratiba ya mtu mwingine, nataka nipange mwenyewe, nishuke na ndege Manaus halafu niendelee taratibu kwa boti. Likizo naweza kuchukua wiki tatu popote kati ya Mei na Novemba. Ninachotaka kujua ni mwezi upi unafaa, maana huku nasoma niende kiangazi, kule nasoma maji yakijaa ndo raha yenyewe. Halafu je, naweza kuingia msituni peke yangu? Na malaria na chanjo ikoje? Nawasilisha.

Kando ya Mto
Karibu mkuu. Watu wengi wanaopanga Amazon wanaangalia mvua, mi nakushauri uangalie mto. Mvua utanyeshewa tu mwezi wowote, ule ni msitu wa mvua, ila mto ndo unaoamua utaona nini na utafika wapi. Pale Manaus, Rio Negro unafika kilele mwezi wa 6 hivi na unashuka kabisa kuelekea mwisho wa Oktoba na Novemba, na tofauti ya hapo sio ya kitoto, ni kama mita 10 na wakati mwingine zaidi. Sasa fikiria maana yake: mwezi wa 6 unapiga kasia katikati ya matawi, yaani mtumbwi unapita pale ambapo ndege wanatua, na chini yako samaki wanakula matunda yanayodondoka toka kwenye miti. Njoo mahali pale pale Oktoba, unatembea kwa miguu kwenye majani makavu na ile alama ya maji ipo kwenye shina juu kabisa ya kichwa chako.

Kwa wiki tatu zako mi ningechagua Julai, labda mpaka Agosti mwanzoni. Mvua imepungua, maji bado yapo juu, mitumbwi inaingia msituni bila shida. Ukitaka fukwe za mchanga basi sogea Septemba hivi uende kijiji cha Alter do Chão karibu na mji wa Santarém, mto Tapajós ukishuka mchanga unatokea. Oktoba na Novemba kwa sasa ningekuwa makini sana, 2023 Rio Negro ulishuka kuliko wakati wowote tangu waanze kupima bandarini Manaus mwaka 1902, na mwaka uliofuata tu, 2024, ukavunja hiyo rekodi. Boti zilikwama na vijiji vikakosa njia ya kufikika, na watu wa kule wanategemea huo mto kwa chakula, dawa, shule, kila kitu, kwa hiyo sio swala la likizo ya mtu kuharibika tu. Bandari ya Manaus inatangaza kipimo cha mto kila siku, anza kukifuatilia hata kabla hujakata tiketi.

Mama Safari
Mwanangu, kuhusu kuingia msituni peke yako jibu ni hapana, na nakwambia kwa upendo. Kusafiri kivyako ni kitu kimoja, kuingia porini bila mwenyeji ni kitu kingine kabisa. Ukitoka kwenye njia hatua chache tu kila upande unafanana, jua hulioni kwa sababu ya majani, na kule karibu na ikweta giza linaingia kwenye saa kumi na mbili jioni na linaingia haraka. Simu usiitegemee, mtandao unaisha ukishatoka mjini.

Ila huhitaji kampuni ili umpate mwenyeji. Nenda msitu wa taifa wa Tapajós, pia upande wa Santarém, vijiji kama Maguari na Jamaraquá vinapokea wageni wenyewe, unalala kijijini na mwanakijiji anakupeleka msituni kwa miguu mpaka kwenye misamaúma, miti mikubwa ajabu, na hela yako inabaki pale pale. Ukiwa Manaus kuna bustani ya MUSA pembezoni mwa jiji, ina mnara wa mita 42, huo unapanda mwenyewe na unauona msitu kwa juu. Jambo moja tu nakuomba: maeneo ya watu wa asili usiende bila kibali cha FUNAI, yaani shirika la serikali ya Brazil linalosimamia mambo ya watu wa asili, na cha wenyeji wenyewe, hata akitokea mtu akakwambia ana njia ya mkato. Zipo jamii ambazo mafua ya kawaida yanaweza kuwaua.

Daktari wa Kijiji
Afya kwa kifupi. Homa ya manjano uchanjwe angalau siku 10 kabla, cheti chake siku hizi ni cha maisha. Malaria ya kule nyingi ni ya aina inayoitwa vivax, hii inajificha kwenye ini na inaweza kurudi hata miezi baadaye, kwa hiyo ukipata homa baada ya safari mwambie daktari ulikuwa wapi. Dawa za kinga zinaandikwa na daktari, ila ukipewa doxycycline unaendelea nayo wiki 4 baada ya kutoka, na hapo ndipo wengi wanaacha kwa sababu wanajiona wazima. Rio Negro maji yake ni meusi yenye asidi, mbu ni wachache kuliko upande wa mto Solimões, lakini chandarua beba tu.

Mtembezi Huru
Asanteni sana wakuu, Mama Safari nimekuelewa. Basi Julai. Manaus mpaka Santarém kwa boti inachukua muda gani na unalala wapi?

Kando ya Mto
Kushuka ni kama siku moja na nusu, kupanda kurudi ni kama mbili. Unalala kwenye hamoki yako mwenyewe, kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza, nunua Manaus pamoja na kamba zake, na wahi kupanda boti masaa kadhaa kabla maana nafasi ni ya anayewahi. Funga mbali na injini, mbali na choo, na usikae chini ya taa. Usiku upepo wa mtoni ni baridi, shuka ni lazima. Begi lifungie kwenye nguzo karibu na kichwa, pasi na hela kaa navyo mwilini, na beba keshi ya kutosha kwa sababu vijijini mashine za kutolea hela hakuna. Kama muda unaruhusu usirudi kwa ndege, rudi kwa boti, kwa sababu ikipanda inafuata ukingoni kukwepa mkondo na hapo ndo unauona msitu kwa karibu, ikishuka inakaa katikati ya mto na kingo zinakuwa mbali.