Mashine ya kuoshea vyombo haiachii sabuni, kidonge kinabaki kizima. Naombeni ushauri

Mama wa Kigamboni

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya kuoshea vyombo, mtumba wa kutoka Uingereza, iko jikoni hapa Kigamboni. Ilikuwa inapiga kazi vizuri kabisa. Siku hizi imeanza hivi: naweka kidonge cha sabuni kwenye kile kisanduku cha mlangoni, nafunga kifuniko, nawasha programu ya kawaida. Maji yanaingia, inaosha, inapasha moto, inamwaga, inafika mwisho bila kulalamika. Nikifungua mlango vyombo vina joto lakini vina mafuta, sahani ya pilau ukipitisha kidole kinaacha njia. Na kifuniko cha sabuni kimefungwa vilevile nilivyokiacha. Nikibonyeza kwa mkono kinafunguka, kidonge kimo ndani, kimelowa upande mmoja tu.

Kwangu hii mashine si anasa. Naishi na mama yangu, ana baridi yabisi ya vidole, na hawezi kuona vyombo vimelala kwenye sinki akanyamaza. Mashine ilikuwa imempumzisha. Sasa amerudi kwenye sinki, ikifika jioni hata kufunga vifungo vya blauzi inakuwa kazi.

Kuna fundi alikuja, akatazama kwa macho, akasema kisanduku kimekufa kiagizwe kipya nje. Bei aliyonitajia ni kubwa. Kabla sijatoa hela nataka kujua kama kweli kimekufa, na kama kuna kitu naweza kupima mwenyewe hapa nyumbani. Natanguliza shukrani.

Kipepeo Tabata

Pole dada, na mpe pole mama. Wakati unatafuta fundi, achana na kisanduku. Kidonge kitupe tu chini ndani ya mashine, funga mlango, washa. Mimi ndivyo ninavyofanya na vyombo vinatoka.

Fundi Majokofu

Dada, kabla ya kununua chochote tutenganishe magonjwa mawili, maana watu wengi huyachanganya wakaishia kununua kifaa kisichohitajika. La kwanza, kifuniko hakifunguki. La pili, kifuniko kinafunguka lakini sabuni haitoki, inabaki uji au donge. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Lako ni la kwanza, umelieleza vizuri.

Kuhusu ushauri wa Kipepeo, angalia programu yako. Programu nyingi za kawaida huanza na maji ya kulowanisha, mashine inazungusha kidogo kisha inayamwaga yote. Kidonge kikiwa chini kinaanza kuyeyuka hapo hapo na sehemu kubwa inaondoka na maji hayo. Ukifika uoshaji wenyewe, ule wa maji ya moto, sabuni iliyobaki ni kidogo. Ndiyo maana kisanduku kikawekwa kifuniko, kiitunze sabuni mpaka wakati wake. Kama mashine yako ina programu fupi isiyo na maji ya kulowanisha, hiyo ndiyo utumie kwa sasa na kidonge ukiweke chini. Mama apumzike wakati tunatafuta ugonjwa.

Ila sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono usiijaribu humo kamwe. Povu litajaa mpaka litoke mlangoni.

Sasa nijibu haya:

Mashine ikiwa imezimwa, funga kifuniko, kisha bonyeza kitasa chake kwa kidole. Kinaruka kwa nguvu au kinafunguka kivivu?

Ile dawa ya kusuuzia, ya maji inayofanya glasi zikauke bila madoa, unaiweka? Inapungua?

Na unapopanga vyombo, kuna kitu kinasimama mbele ya kisanduku?

Bint Pemba, Muscat

Nakazia hilo la mwisho. Huku kwetu Muscat nyumba nyingi zina hizi mashine, na sisi watu wa pwani tukihama tunahama na masinia yetu. Sinia likisimamishwa kwenye kapu la chini upande wa mbele, au kibao cha kukatia nyama, mlango ukifungwa linagusa kifuniko. Kitasa kinaachia kama kawaida lakini kifuniko hakina pa kwenda. Baadaye unalivuta kapu, sinia linatoka, unakuta kifuniko kimefungwa na unadhani kifaa kimekufa. Masinia yawekwe ubavuni au nyuma.

Kitu kingine ni unyevu. Vidonge vyenye ile ngozi laini inayoyeyuka, ukivishika kwa mkono uliolowa au ukiviweka kwenye kisanduku chenye matone ya maji, ngozi inanata ukutani na kwenye mpira wa kifuniko. Futa kisanduku kwa kitambaa kikavu kwanza, na vidonge vikae kwenye kopo lenye mfuniko mzuri. Hewa ya pwani haina huruma na vitu hivi.

Mama wa Kigamboni

Asanteni sana. Nimefanya mlivyosema.

Kifuniko kilikuwa kinafunguka kivivu. Pembeni ya mpira wake kulikuwa na ukoko mweupe wa sabuni, mgumu kama magadi, umeingia mpaka kwenye kitasa. Nimechukua maji ya moto na siki kidogo, nikausugua kwa mswaki mkuukuu mpaka ukaisha. Sasa nikibonyeza kinaruka kwa sauti, pa!

Nikatoa kapu la chini lote, nikaendesha programu ya kawaida bila chombo chochote mbele. Mwisho wa programu kifuniko bado kimefungwa.

Dawa ya kusuuzia naiweka, na kwa kweli naona haijapungua. Hata glasi zimeanza kuwa na madoa meupe, nikadhani ni haya maji yetu ya kisima yenye chumvi.

Fundi Majokofu

Hapo umenipa jibu kubwa kuliko unavyodhani.

Kwenye mashine nyingi kifaa kimoja ndicho kinachofungua sabuni na kuachia dawa ya kusuuzia. Kinavuta mara ya kwanza kifuniko cha sabuni, kinavuta tena mwishoni inatoka dawa. Kama vyote viwili vimegoma, na kifuniko kwa mkono kinaruka, basi kitasa na springi ni vizima. Kisichofanya kazi ni kile kinachovuta, au umeme haufiki kwake.

Kinachovuta huwa cha aina mbili. Kuna koili ya sumaku, hii ukisikiliza vizuri wakati wa kuosha utasikia "tak". Na kuna cha nta: ndani kuna nta iliyofungiwa, umeme unaipasha moto, inatanuka na kusukuma pini taratibu. Hicho hakina mlio, kwa hiyo usihukumu kwa sikio peke yake.

Hapa sasa tafuta mtu mwenye mita ya kupimia umeme na nyaya, hata fundi wa friji wa mtaani anafaa. Mashine izimwe na plagi itolewe ukutani, si kuzima swichi tu, maana kipimo hiki hakihitaji umeme wowote. Mlango ufunguliwe, skrubu za pembezoni kwa ndani zitolewe huku mtu mwingine ameshika ubao wa nje usidondoke. Vaa glavu, mabaki ya sabuni hii yanaunguza ngozi. Nyuma ya kisanduku kuna nyaya mbili zinazoingia kwenye hicho kifaa. Zichomoe, mita iwekwe kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pima miguu miwili ya kifaa. Ikionyesha namba yoyote ya maana, koili haijakatika. Ikionyesha wazi kabisa, yaani njia imekatika, kimekufa, na hapo yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi.

Kikiwa kizima, usirudishe ubao. Pima nyaya kuanzia pale mpaka zinapotokea chini ya mlango, na wakati wa kupima mtu awe anafungua na kufunga mlango polepole. Nyaya zote za mlango zinapita kwenye bawaba. Kila ukifungua mlango zinapinda palepale, na mashine ya mtumba imeshafunguliwa miaka mingi kabla haijakufikia. Shaba inakatika ndani huku plastiki ya nje inaonekana nzima. Kwa macho huwezi kuiona.

Mkulima Mtandaoni

Wakuu, haiwezi kuwa bodi, ule ubongo wa mashine? Au umeme mdogo? Kwetu ukifika usiku taa zinakuwa nyekundu.

Fundi Majokofu

Bodi inaweza, mkuu, lakini ni ya mwisho kuilaumu, kwa sababu ndiyo ghali. Mashine yake inajaza, inapasha, inamwaga na kufika mwisho, kwa hiyo bodi kwa sehemu kubwa inafanya kazi.

Umeme mdogo ni hoja ya kweli. Mashine ya Uingereza na umeme wetu wa volti 230 na hezi 50 vinaelewana, hata plagi ni ileile. Ila umeme ukishuka mpaka volti 180, hita inabaki na takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake, na kile kifaa cha nta nacho kinapata joto pungufu. Kwako wewe ningependekeza uoshe mchana, au ufunge stabilaiza inayobeba wati za mashine nzima, si ile ndogo ya televisheni. Lakini tatizo la umeme huja na kuondoka. La dada ni la kila mara.

Mama wa Kigamboni

Nimerudi. Kijana wa friji hapa mtaani amekuja na mita, nimemsomea maelezo neno kwa neno huku yuko chini sakafuni. Kifaa kimesoma vizuri, hakijafa. Tukapima nyaya. Mlango ukiwa umeshuka mpaka chini mita inalia, ukipanda nusu inanyamaza, ukifungwa kabisa inaendelea kunyamaza. Akachana ule mpira unaofunika nyaya kwenye bawaba. Waya mmoja wa kahawia ulikuwa mzima kwa nje, alipouvuta kidogo plastiki ikarefuka kama ubani wa kutafuna. Ndani shaba imekatika na ncha zake zimekuwa za kijani.

Anataka kuunga kwa kusokota na kufunga selotepu nyeusi. Nimemwambia asubiri kwanza nikuulize.

Fundi Majokofu

Umefanya vizuri kumsubirisha. Selotepu isitumike hapo, pana joto, mvuke na kupindapinda, itaachia. Akate sehemu yote yenye kijani mpaka aone shaba inayong'aa. Aongeze kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule, unaostahimili joto. Maungio yasikae kwenye bawaba penyewe, yakae juu na chini yake, ili kinachopinda kiwe waya mzima. Achomelee kwa risasi, avishe mpira unaojibana kwa joto, na aache waya umelegea kidogo. Akague na nyaya za jirani kwenye fungu hilohilo, zimezeeka pamoja. Kabla ya kuchomeka plagi apime tena huku mlango unafunguliwa na kufungwa, mita isinyamaze hata mara moja.

Mama wa Kigamboni

Imefunguka! Nimesimamisha programu katikati nikachungulia, kifuniko kiko wazi na kidonge kimeisha. Na dawa ya kusuuzia imeanza kushuka. Nyaya mbili za jirani nazo zilikuwa zimeanza kuchanika, kazibadilisha zote. Malipo yake hayafiki hata robo ya bei ya kile kisanduku. Mama amewaombea dua nyote, na wewe Fundi amekutaja mara mbili. Mungu akubariki sana kaka yangu.

Kipepeo Tabata

Hongera dada. Fundi, naomba na mimi nisaidie. Kwangu nimeenda kutazama: kifuniko kinafunguka, lakini nikitumia kisanduku sabuni inabaki humo kama uji. Tenki langu liko juu ya mnara mfupi nyuma ya nyumba.

Fundi Majokofu

Huo ndio ugonjwa wa pili. Huenda maji yanayoingia ni kidogo, kwa hiyo hayapigi kisanduku kwa nguvu. Mashine nyingi zimeandikwa zinahitaji presha isiyopungua 0.05 MPa, yaani nusu ya bar, na hiyo ni sawa na maji yaliyo mita 5 juu ya mashine. Mnara wa mita 3 haufiki, utahitaji pampu ndogo ya kuongeza presha. Kabla ya kununua pampu, funga bomba, fungua mpira wa kuingiza maji nyuma ya mashine, utakuta kichujio kidogo cha wavu, mara nyingi kimejaa mchanga wa tenki. Kisha chomoa mikono inayozunguka na uangalie vitundu vyake, vilivyoziba kwa chumvi vizibue kwa siki na kijiti cha meno. Pima kimo cha tenki uniandikie hapa.