Asiyetaja jina lake aaminiwe?

Chuma Chakavu: Kwa nini tuamini maneno ya mtu asiyetaja jina? Leo anatukana, kesho anarudi na akaunti nyingine. Kila anayeandika mtandaoni athibitishe kitambulisho. Mwenye ukweli hajifichi. Anayejificha ni mwoga.

Dada wa Zamu: Mwoga? Nikiwa zamu ya usiku niliona boksi za dawa zimebandikwa lebo mpya juu ya ile ya zamani. Nikabandua moja kwa ukucha: muda ulikwisha miezi minne nyuma. Niliandika bila jina, nikataja namba ya toleo na rafu. Wiki hiyohiyo boksi zikaondolewa. Ningetaja jina ningeondolewa mimi. Futa hilo neno.

Mzee wa Mantiki: Turudi kwenye mada. Korea Kusini walilazimisha vitambulisho kwenye tovuti kubwa, 2007 kama sikosei. Wezi wakaiba taarifa za watu kama milioni 35, sheria ikafutwa.

Sauti ya Saba: Mzee, umechanganya mambo mawili. Wizi ulikuwa 2011. Sheria ilifutwa na Mahakama ya Katiba, Agosti 2012, kwa kubana uhuru wa kujieleza.

Chuma Chakavu: Dada, sikukusema wewe. Lakini mimi niliitwa mwizi na mtu asiye na jina. Mke wangu aliyasoma kabla yangu. Miaka miwili sasa sina wa kumjibu. Huyo naye nimwite shujaa?

Dada wa Zamu: Pole sana kaka, nasema kwa dhati. Huyo ni mzushi. Mwoga ni neno jingine, na bado hujalifuta.

Sauti ya Saba: Dada alitaja namba ya toleo, yeyote angeweza kwenda kuangalia. Aliyekuchafua wewe alitaja nini? William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness alichapisha makala ya takwimu kwenye jarida mwaka 1908 kwa jina la "Student". Wanatakwimu walikagua hesabu zake, na wanazitumia hadi leo.

Mzee wa Mantiki: Lakini Karl Pearson, mhariri wa jarida lile, alimfahamu! Gosset alikuwa amesoma kwenye maabara yake. Msomaji hakulijua jina, ila kulikuwa na mtu aliyelijua.

Chuma Chakavu: Hapo ndipo ninapopataka. Wangu hakutaja chochote, na hakuna aliyemjua. Dada, "mwoga" nimelifuta. Sasa niambie, wewe jina lako alilijua nani?

Dada wa Zamu: Hakuna. Ningempata wa kumwamini, ningempa.