Kunukuu au kusema kwa maneno yako: insha yangu imerudi

Kutoka: Mdogo wenu, Leeds

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za baridi.

Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Uingereza. Wiki jana insha yangu ya kwanza imerudi na alama ndogo. Niliandika juu ya matumizi ya vyandarua pwani, na kila niliponukuu niliweka alama za mtajo, jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Hakuna nilichoiba. Mhadhiri ameandika pembeni: "Wewe uko wapi humu?" Turnitin, ile programu inayolinganisha insha na maandishi mengine, nayo imetoa asilimia 41. Nimelia, siwafichi. Nilinukuu sana kwa sababu Kiingereza cha wale waandishi kimekaa vizuri kuliko changu. Mnajuaje pa kunukuu na pa kutumia maneno yenu?

Kutoka: Dada yenu, Minneapolis

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nasaidia wanafunzi kuandika katika chuo kimoja huku, mwaka wa tisa sasa, na machozi hayo nimeyaona mengi, hasa kwa watoto wetu waliosoma Kiingereza kama lugha ya darasani tu.

Asilimia isikunyime usingizi. Turnitin haipimi wizi, inapima maandishi yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake. Mhadhiri asipoyachuja, hata nukuu halali na orodha ya marejeo huhesabiwa. Kilichokuangusha ni lile swali la pembeni.

Kila unapotaka kunukuu jiulize: nikiyabadilisha maneno haya, kuna kitu kitapotea? Mama wa Pangani akimweleza mtafiti kwa nini hafungi chandarua, maneno yake ndiyo ushahidi wenyewe. Yanukuu. Fasili unayotaka kuipinga neno kwa neno, inukuu pia. Lakini mtafiti anapoeleza kwamba joto huwazuia watu kutumia chandarua, hilo ni wazo tu. Liseme mwenyewe, kisha umtaje. Katika masomo ya afya karibu kila kitu huangukia huku. Fungua majarida yenu uone nukuu zilivyo adimu.

Ngoja nikuonyeshe kwa sentensi niliyoitunga mimi. Tuseme mwandishi kasema: "Akina mama wengi wa mwambao hulala bila chandarua miezi ya joto, si kwa kukikosa bali kwa sababu hewa haipiti." Wengi wetu tungeandika: "Kina mama wengi wa pwani hawatumii neti wakati wa joto, siyo kwamba hawana, ila hewa haipenyi." Mifupa yote ni ya mwandishi. Hata ukimtaja, wahadhiri wengi watasema umechukua sentensi yake.

Fanya hivi. Soma aya mpaka uielewe, funga laptop, mweleze mtu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa namweleza mama kwenye simu, na maswali yake yalinionyesha pale ambapo sijaelewa. Kisha andika Kiingereza chako kutoka kwenye maelezo hayo. Utapata kitu kama: "Kwa akina mama wengi wa pwani, kuwa na chandarua si kukitumia, joto likizidi, hubaki kimekunjwa." Halafu rudi kwenye makala uhakikishe hujamsingizia mwenyewe, na kwamba "wengi" wake hawajageuka "wote" kwako.

Kiingereza chako rahisi kinachoeleweka kina thamani kuliko viraka vya watu. Naomba uniamini hapo.

Kutoka: Kaka wa Nakuru, sasa Bonn

Hamjambo nyote. Dada ameupita ufupisho, nami naona ndio utakaokuokoa kwenye sura ya mapitio, pale unapoeleza tafiti za wengine. Waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wanalikumbuka swali la ufupisho katika karatasi ya pili ya Kiswahili, alama 15: fupisha bila kupoteza maana. Kazi ni ileile. Ukiwa na tafiti nane zinazosema jambo moja, usiipe kila moja aya yake. Sentensi mbili zatosha, na zote uzitaje kwenye mabano.

Ila nukuu nitaitetea. Mimi nasoma siasa, naandika juu ya Azimio la Arusha la 1967. Neno "ujamaa" siwezi kulibadilisha nikabaki na hoja, kwa kuwa Nyerere alilitoa kwenye undugu wa ukoo na uteuzi huo ndio ninaouchunguza. Kwetu sisi maneno yenyewe mara nyingi ndiyo habari.

Na hili liwafikie wote wenye vyanzo vya Kiswahili: kwa mtindo wa APA (moja ya taratibu za kutaja vyanzo), ukitafsiri kifungu mwenyewe, tafsiri yako si nukuu tena. Huhesabiwa kuwa ni maelezo kwa maneno yako, kwa hiyo hayawekewi alama za mtajo, ingawa mwandishi lazima atajwe. Sikulijua, nikarekebisha sura nzima.

Kutoka: Mdogo wenu, Leeds

Asanteni mno. Jana nimemweleza dada yangu wa Tanga makala mbili kwa simu, na aya zimetoka. Swali moja tu: ninayo kauli ya mama mmoja kutoka kwenye utafiti uliochapishwa, ina maneno kama 60. Naiweka vipi?

Kutoka: Dada yenu, Minneapolis

Kwa APA, kuanzia maneno 40 nukuu hupewa aya yake, ikasogezwa ndani bila alama za mtajo, na ukurasa ukatajwa mwishoni. Lakini isome tena kwanza. Huenda maneno 15 ndiyo yenye uzito, na mengine ukayasimulia wewe. Na baada ya nukuu usirukie jambo lingine: sema umeona nini ndani yake, maana mhadhiri alikuwa anakutafuta hapo. Nitumie rasimu Ijumaa, siku hiyo sina zamu.